Nguo Ilibebwa na Watu Wawili

Masomo ya wiki: Mwanzo 9:18–27, 1 Samweli 20



Kuna kisa katika kitabu cha Mwanzo ambacho sisi wahubiri hukipita mbio ili tuwahi mnara wa Babeli. Nuhu ametoka safinani. Gharika imekwisha, upinde umeonekana mawinguni, Mungu ameweka agano. Halafu mzee anapanda mizabibu, anakunywa divai, analewa, na analala uchi ndani ya hema yake. Mwanawe Hamu anamwona hivyo, anatoka nje na kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanatwaa nguo, wanaiweka mabegani mwao, wanaingia hemani kinyumenyume bila kugeuza uso, na wanamfunika baba yao.

Baadaye inakuja laana, na laana hiyo ilitumiwa kwa karne nyingi na watu waliotaka kuhalalisha utumwa wa Waafrika. Hilo lina siku yake. Leo nataka tubaki hapo mlangoni mwa hema, na wale vijana watatu ambao baba yao amelewa.

Anayeijua Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, anajua kwamba hapa siri haina pa kukaa. Parseli moja, yaani kiwanja kimoja, ina kaya tano au sita, bati la huyu limeshikana na bati la yule. Ukikaanga ndagala, jirani anajua kama umetia ndimu. Tunajua nani amenunua bajaji, nani amerudi kutoka Uvira, nani amelala nje kwa kukosana na mkewe. Mtaa huu wa Waswahili, wa misikiti, magereji na soko la Ruvumera, umezoea kuishi mlango ukiwa wazi. Lakini kuna jambo moja ambalo ni kama tumekubaliana wote kutolisikia, nalo ni mtoto anayemlea mzazi wake.

Nasema juu ya vijana wa namna mbili. Wa kwanza ni yule ambaye baba yake, au mama yake, ameshikwa na pombe ya kanyanga, au na kile kinachoitwa boost. Wa pili ni yule ambaye mzazi wake yuko kitandani na ugonjwa ambao daktari amekwisha kusema hautapona. Mtaani tunawatenganisha kabisa. Mama mwenye saratani analetewa uji na jirani. Baba mlevi anafungiwa geti. Binti wa yule mgonjwa anaombewa kanisani kwa jina. Mtoto wa mlevi anachekwa ligalani, kijiweni kwa vijana. Ila ukiingia ndani ya nyumba usiku utakuta vijana wote wawili wanafanya kazi moja. Wameamka saa nane gizani, wanasikiliza kama mzazi bado anapumua.

Boost tumeihubiri sana, na kwa sauti kubwa. Ni heroini iliyochanganywa na vitu vingine, inavutwa au inadungwa. Heroini hailimwi kwetu. Kwa miaka mingi imekuwa ikitoka Asia, hasa Afghanistan, inavuka Bahari ya Hindi kwa majahazi hadi pwani ya Tanzania, Kenya na Msumbiji, kisha inapanda bara hadi kutufikia. Kila tunapoitaja tunasema "vijana wetu wanaangamia". Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kijana aliyeanzia ligalani akiwa na miaka kumi na minane hakubaki na umri huo. Ameoa, au amezaa bila kuoa. Leo ana mtoto wa darasa la tisa. Mahubiri yetu yamebaki kwa baba alipokuwa kijana, na mtoto wake ameketi kwenye benchi la nyuma akisikiliza jinsi tunavyomwita mzazi wake mfu anayetembea.

Nimepewa ruhusa na binti mmoja kusimulia jambo moja tu kwa sharti la kutomtaja, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha. Walimu wake walilalamika kwamba begi lake linanuka moshi na kwamba hataki kuliweka chini pamoja na mabegi ya wenzake. Siku moja alilazimishwa kulifungua. Ndani, pamoja na madaftari, mlikuwa na sufuria, mfuniko wake na mwiko. Nyumbani vilikuwa vimekwisha kuuzwa viti viwili, redio, simu ya bibi, na sufuria mbili zilizotangulia. Ile ya tatu aliamua kwenda nayo shuleni kila siku, ili jioni wadogo zake wapate pa kupikiwa. Alikuwa akifanya hivyo tangu muhula uanze. Darasa lilicheka. Mwalimu, kwa kumbukumbu ya binti huyo, ndiye aliyecheka kwanza.

Yule binti hakuwahi kumwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa Maandiko. Alisema kosa la Hamu ni kusema.

Ndivyo tulivyowafundisha. Tumekisoma kisa cha Nuhu kwa namna inayomziba mtoto mdomo: mzazi akiwa uchi, funika na unyamaze. Basi tukisome tena, taratibu. Nuhu alikuwa amelala peke yake ndani ya hema. Shemu na Yafethi walikuwa nje. Walijuaje kwamba baba yao anahitaji kufunikwa? Waliambiwa. Kama Hamu angenyamaza, hakuna ambaye angechukua nguo, na mzee angeamka akiwa vilevile. Wataalamu wa Maandiko wamebishana sana kosa la Hamu lilikuwa nini hasa, nami sitamaliza ubishi huo katika ukurasa mmoja. Ninachokiona mimi ni kwamba Hamu alisema, kisha akaishia hapo. Hakuingia na nguo. Alifanya kile tunachofanya sisi kwenye kibaraza tunapotikisa kichwa na kusema, "Masikini, baba yake yule," halafu tunaendelea na chai.

Na nguo ile ilibebwa na watu wawili. Mwandishi angeweza kusema Shemu alimfunika baba yake, na hadithi ingekwisha. Amejali kutuambia kwamba iliwekwa mabegani mwa wote wawili. Jaribu nyumbani kutembea kinyumenyume, usitazame nyuma, umebeba shuka kubwa uliyoitandaza, peke yako, gizani. Utaanguka juu ya mgonjwa. Katika Buyenzi yetu, bega la pili limekosekana, na mtoto wa miaka kumi na nne amebeba ncha zote mbili.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Wanamsema mgonjwa anayejificha mwenyewe. Lakini mtoto anayeficha maradhi ya mwingine naye huumbuka: anafeli mtihani, anaitwa mvivu, anaitwa mkorofi, ananyimwa nafasi kwenye kwaya kwa sababu hafiki mazoezini. Hakuna anayejua alikuwa kwenye kabare ya pombe ya avenyu ya tatu akimwomba baba yake arudi kabla fedha ya kodi haijaisha.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa mtaani, hawana kisa hiki cha hemani. Kwao Nuhu ni mtume, na hawamsemi kwa namna hiyo. Naliheshimu hilo. Ila sheikh mmoja jirani yangu, tulipozungumza juu ya vijana hawa, alinipeleka kwenye sura ya Luqmani. Humo mwanadamu anausiwa juu ya wazazi wake, na juu ya mama aliyembeba kwa udhaifu juu ya udhaifu; kisha anaambiwa kwamba wazazi wakimshurutisha kuacha njia ya Mungu asiwatii, lakini akae nao duniani kwa wema. Sheikh alisema watu wanashika mwanzo wa aya na mwisho wake, ule wa katikati wanaumeza. Nilicheka, kwa sababu na sisi Wakristo tunafanya hivyohivyo na amri ya tano. Tunamwambia mtoto amheshimu baba yake, basi. Akimtuma na faranga elfu tano akamletee boost, je? Amheshimu kwa kwenda? Hapana. Nasema hapana nikiwa na Biblia mkononi. Mtoto hatumwi sumu, na anayekataa kutumwa sumu hajavunja amri yoyote.

Biblia inaye kijana mwingine wa nyumba ya namna hii. Ni Yonathani, mwana wa Mfalme Sauli. Sisi tunamkumbuka kama rafiki wa Daudi, tunasahau alikuwa mtoto wa nani. Baba yake alishikwa na hali iliyokuja na kuondoka: leo mpole, kesho mkuki unaruka ukutani. Soma sura ya 20 ya Samweli wa Kwanza, utamwona Yonathani akifanya kile ambacho watoto wote wa nyumba hizi hufanya. Kwanza anakataa kuamini kwamba baba yake anataka kumwua Daudi. Anamwambia Daudi haiwezekani, baba yangu hafanyi neno kubwa wala dogo bila kunijulisha. Ameaminishwa kwamba akiwa mwema kiasi cha kutosha, akiwa karibu kiasi cha kutosha, atamzuia baba. Kisha inafika karamu ya mwezi mwandamo, na pale pale mezani, mbele ya watu, Sauli anamtukana mwanawe kwa kumtukania mama yake, na anamtupia mkuki yeye mwenyewe. Yonathani anaondoka mezani kwa hasira na siku hiyo hali chakula. Kesho yake asubuhi anakwenda shambani, mahali wasipoonekana, anakutana na rafiki yake, wanalia pamoja.

Shambani pale ndipo palipomwokoa, kwa muda. Alikuwa na mtu mmoja aliyejua. Lakini baada ya kulia alirudi mjini, na mwishowe akafa na baba yake juu ya mlima Gilboa. Nimesikia wahubiri wakimsifu kwa kufa ubavuni mwa baba. Mimi sioni mahali ambapo Mungu alimwagiza afe hapo. Kijana anayenisoma na ambaye nyumbani kwao mikono inarushwa au visu vinashikwa, asikubali mtu amwambie kwamba kubaki ndani ni ibada. Toka, beba na wadogo zako, nenda kwa shangazi, nenda kwa jirani, njoo kanisani au nenda msikitini. Utamwombea baba yako ukiwa huko.

Nirudi kwa Nuhu, kwa kuwa kuna swali ambalo nadra huulizwa: kwa nini alikunywa? Maandiko hayasemi. Ila tunajua alichokiona. Alisikia dunia nzima ikizama, majirani wakiwa nje ya mlango uliofungwa. Akatoka, akakuta matope na kimya, akaambiwa aanze upya. Sasa hesabu mwenyewe. Mtoto aliyekuwa na miaka minane tarehe 21 Oktoba 1993, siku aliyouawa Rais Melchior Ndadaye, leo ni mzazi wa vijana wa sekondari. Alipofika miaka tisa, kumi, jiji hili lilikuwa likigawanyika mtaa kwa mtaa. Machi 1995 damu ilimwagika hapahapa Bwiza na Buyenzi, na watu wakavuka mpaka kwenda Uvira na magodoro kichwani. Hakuna aliyewaketisha watoto wale na kuwauliza waliona nini. Walipewa daftari na kalamu, wakaambiwa wasome. Baadhi yao sasa wamelala hemani.

Siwatetei. Mtoto anayebeba sufuria begini hatashiba kwa kuelezwa historia. Lakini kijana anayeijua gharika ya baba yake ataacha kujiuliza swali linalomla usiku: mimi nimefanya nini hadi baba akawa hivi? Hukufanya kitu. Alianza kabla yako, au angeanza hata bila wewe. Mwaka 1957, huko California, kijana mmoja ambaye baba yake alikuwa akijinasua kutoka kwenye ulevi alianza kuwakusanya vijana wenzake wa nyumba za namna hiyo. Ukawa mwanzo wa makundi ya Alateen, yaliyoenea nchi nyingi. Jambo la kwanza wanalofundishana ni hilo: ulevi wa mzazi hukuuleta wewe, huwezi kuutawala, na dawa yake haimo mikononi mwako. Mtoto wa Buyenzi anahitaji kuyasikia hayo kama mtoto wa California, na ayasikie kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu anayemfahamu.

Tena tuseme wazi kwamba ulevi huu, wa pombe na wa boost, ni ugonjwa, na unatibiwa. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kutoa methadoni, dawa inayotumika badala ya heroini, mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwaka 2014. Wazee wa pwani ambao tulidhani wamekwisha wamerudi kazini. Sisi tuna kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kilichoanzishwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1981, na si mbali. Kumpeleka mtu huko hakupunguzi maombi. Ninachokikemea ni ule mtindo wa vyumba vya kufungua watu kwa maombi, ambako mlevi wa miaka mingi ananyang'anywa chupa siku moja na kufungiwa ndani kwa mfungo. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kushikwa na degedege na kufa. Watoto wake huambiwa pepo alitoka na roho.

Sasa nyumba ya pili, ile ya mgonjwa wa kitandani.

Huko aibu ni ndogo, lakini kimya ni kikubwa zaidi. Mama anasema, "Msiwaambie watoto." Daktari anaongea Kifaransa na mjomba pale kwenye ujia wa hospitali. Wageni wakija, watoto wanatumwa maji. Na watoto wanajua kila kitu! Binti ndiye anayemgeuza mama yake usiku ili mgongo usichubuke, ndiye anayefua kanga zenye damu alfajiri kabla mtu hajaamka, ndiye anayejua kwamba uzito umepungua kwa sababu yeye ndiye anayembeba. Kila anayekutana naye njiani Ruvumera humuuliza, "Mama anaendeleaje?" Nilimuuliza mmoja wao: na wewe, unaendeleaje? Alinitazama akidhani hajasikia vizuri, kisha akaniambia mama amelala.

Nchi hii ilimpata mwanamke mmoja aliyevunja kimya cha namna hiyo. Jeanne Gapiya-Niyonzima alikuwa amekwisha kumzika mtoto wake na mumewe. Mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa walioanzisha ANSS, chama cha kuwasaidia watu wenye virusi vya Ukimwi. Katika miaka hiyo ya 1990, akiwa kanisani hapa Bujumbura, alimsikia mhubiri akisema wagonjwa wa Ukimwi wahurumiwe kwa kuwa wametenda dhambi. Akasimama katikati ya ibada na kusema kwamba yeye anavyo virusi hivyo. Kabla yake hapakuwa na Mrundi aliyelitamka jambo hilo hadharani. Fikiria ni vijana wangapi waliokaa kwenye mabenchi yale wakiwa na mama mgonjwa nyumbani, wakasikia kwa mara ya kwanza mtu mzima akisema neno lile bila kunong'ona.

Huko Uganda, akina mama wa chama cha NACWOLA walikwenda hatua nyingine. Nao walikuwa wanaishi na virusi, wakati dawa hazijafika, na walijua wataacha watoto. Wakaanza kuandika vitabu vya kumbukumbu, daftari la kawaida kwa kila mtoto: ulizaliwa wapi, siku hiyo mvua ilinyesha au haikunyesha, babu yako alikuwa nani, ukoo wetu ulitoka kijiji gani, mimi nilipenda nini nilipokuwa msichana, naumwa nini. Kilichotokea ni kwamba ili kuandika ilibidi wazungumze na watoto. Na watoto ambao walikuwa wakijifanya hawajui wakapata ruhusa ya kuuliza.

Mama mgonjwa anayenisoma, au anayesomewa tafakari hii: nunua daftari. Na katika daftari hilo andika pia mambo ya parseli. Samahani kuchanganya machozi na viwanja, lakini nimeona msiba wa siku ya kwanza na nimeona msiba wa siku ya arobaini. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi. Mambo huamuliwa kwa mila, na kwa ndugu zetu Waislamu kwa taratibu zao. Parseli ya Buyenzi ina thamani, na wajomba ambao hawakuonekana wakati wa ugonjwa huwa wanaijua njia. Karatasi za nyumba ziko wapi, nani anadaiwa, nani anadai, watoto wabaki na nani: sema ukiwa na nguvu ya kusema, mbele ya mashahidi, na kijana wako mkubwa awepo.

Juu ya maumivu nitasema kwa ufupi. Dr Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akaonyesha kwamba morfini ya maji ni ya bei nafuu na inaweza kumfikia mgonjwa nyumbani kwake. Hakuna andiko linalotaka mtu anayekufa afe akipiga kelele mbele ya watoto wake. Mwulizeni daktari dawa ya maumivu bila haya, na mkirudishwa, rudini tena na mtu mzima mwingine.

Vijana wangu, mambo machache ya nyumbani, kwa kuwa najua kesho mtaamka na kazi zilezile. Ukikuta sindano ndani, usiiokote kwa mkono mtupu na usijaribu kuirudishia kifuniko. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, itie kwenye chupa yenye mfuniko, mpe mhudumu wa afya. Ukimkuta mzazi haamki, anapumua kwa kuchelewachelewa, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, piga yowe, wapate kumkimbiza. Hospitali ya Prince Régent Charles iko hapa karibu, na usiogope lawama ya kuwa umemtia aibu. Fedha ya shule usiiache nyumbani. Chagua mtu mzima mmoja, mmoja tu, umwambie yote. Akikucheka, umwache, tafuta mwingine, wapo. Na cheza mpira. Nasema kweli. Yule binti wa sufuria aliniuliza kama ni dhambi kufurahi harusini huku baba yuko vile. Nikamwambia acheze hadi viatu vikatike.

Nanyi watu wazima, naomba jambo dogo. Jumamosi hii, saa tisa alasiri, chumba cha shule ya Jumapili kitakuwa wazi kwa kijana yeyote mwenye mzazi mgonjwa au mzazi aliyeshikwa na pombe au boost, awe Mkristo au Mwislamu. Sheikh amekubali kulitangaza msikitini Ijumaa. Hatuandiki majina. Kutakuwa na chai na mandazi, na muuguzi atakayejibu maswali. Wazee msije kusikiliza. Tunachohitaji kwenu ni watu wa kukaa na wagonjwa na kuwaangalia watoto wadogo kwa saa mbili za mkutano huo, nyumba kwa nyumba, ili hawa wakubwa waweze kutoka. Hadi naandika haya tumepata akina mama wanne na mwanamume mmoja. Hawatoshi. Atakayeweza amwone mzee wa kanisa baada ya ibada.